Siku Niliyotaka Kuufunga Uwanja

Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya abiria, na la mama yake la nne. Sitayataja. Nimemaliza miaka sita bila kulitoa jina la mwanamume yule mdomoni mwangu, na sioni kwa nini nianze kumpa heshima hiyo leo.

"Umeyaona?" aliniuliza Mama Mizani. Huyu ndiye anayepima mizigo ya abiria pale uwanjani kwetu, na tangu nimjue hakuna sanduku wala umbea uliompita bila kupimwa.

"Nimeyaona tangu juzi."

"Kesho anaoa, huko jijini. Binti wa mwenye hospitali ya meno anakofanyia kazi. Watu mia tatu ukumbini! Huku kaja kumchukua mama yake, na mama mtu ana masanduku manne, la tano ni la kofia peke yake."

"Kofia gani ya kuwekewa sanduku?"

"Ya harusi, mwenzangu. Ina manyoya. Kilo moja kasorobo! Shingo ya mtu mzima yule itaibebaje, mimi sijui."

Nilicheka, maana kwa Mama Mizani hata mwenye msiba hucheka. Lakini nilikikatiza kicheko nusu, na yeye akaona. Akanishika bega.

"Wewe mtoto, usije ukafanya kitu."

"Kitu gani?"

"Najua mimi? Una macho ya mtu anayetaka kufanya kitu."

Alikuwa amenipima sawasawa. Tangu juzi nilikuwa sili nikashiba, silali nikapumzika. Nilikuwa napanga. Safari hii daktari wa meno angekiona cha mtema kuni, na angekiona mbele ya watu mia tatu.

Uwanja wetu ni mdogo: ndege moja Jumanne, moja Ijumaa, viti thelathini na sita, basi. Lakini njia yake ya kurukia ni ndefu mpaka rubani mgeni hushangaa, kwa sababu haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa wakati wa vita, kwa ajili ya ndege za mabomu. Adui naye akaja akaitwanga, ikajaa mashimo, na wanajeshi kila ilipotobolewa walifukia kwa chochote kilichokuwa karibu: udongo, mawe, mabati, maganda ya risasi, mbawa za ndege zilizoanguka. Vita vikaisha. Wakaondoka wakatuachia mnara, mabanda mawili na mahandaki ya zege. Halmashauri ikapaka rangi, ikapanga viti vya plastiki, tukatangaziwa kwamba sasa huu ni uwanja wa raia. Vile vyuma havikutangaziwa. Kila mvua ikinyesha vinapanda juu, na kipande kimoja tu cha chuma kinatosha kupasua tairi la ndege inayotua.

Ndiyo maana kwetu, kabla ya kila ndege, gari la sumaku hupita njia nzima, na nyuma yake mtu hutembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, macho chini. Mtu huyo ni mkaguzi. Kabla yangu alikuwa baba, na sasa ni mimi. Mkaguzi akisema njia imefungwa, imefungwa. Meneja hawezi kuifungua, rubani hawezi kubisha. Wanaitwa wataalamu wa mabomu kutoka jeshini, nao wakifanya haraka sana hufika kesho yake mchana.

Jana yake, Alhamisi, ilinyesha mvua kubwa. Nani angenibishia?

Kwenye mkoba wangu wa kazi nilikuwa na mkia wa kombora, wenye mapezi manne, kutu tupu. Baba aliuokota zamani na ulikuwa mtupu ndani, hauna madhara zaidi ya sufuria. Lakini ukiulaza kwenye ukingo wa njia na kuutazama kwa mbali, mwili unasisimka. Ningeulaza hatua mia tano kutoka mwanzo wa njia, nisimamishe bendera nyekundu, niite mnara. Ndege ingegeukia hewani kurudi ilikotoka. Ndege nyingine ni Jumanne, na kwa basi jijini ni siku mbili. Na kesho asubuhi watu mia tatu wangekaa wamevaa vizuri, wanatazama mlango, na mlangoni haingii mtu.

Nilijua ni kosa la kufukuzwa kazi, pengine la kufungwa. Nilikuwa tayari. Maana mimi nimekaa kwenye kiti nikatazama mlango, na najua inavyouma.

Miaka sita iliyopita mwanamume yule alikuwa wangu. Alikuwa anasomea meno, anakuja likizo, na kila likizo alikuta sababu mpya ya kufika uwanjani. Mara kapeleka barua, mara kampokea mtu asiyekuja. Siku moja mvua ikatukuta njiani, tukakimbilia kwenye handaki ambalo ndilo ofisi ya mkaguzi. Tulikaa humo saa nzima tukiwa tumelowa, tunatazamana tu na kuangalia chini. Mvua ilipokatika hakuna aliyesema imekatika. Aliniita Sumaku, eti kwa sababu kila akiondoka mji huu anavutwa kurudi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliamini.

Mama yake hakunitaka. Ni mwalimu mkuu mstaafu, nusu ya mji aliwahi kuuchapa viboko, na mimi alinichapa kwa mdomo mbele ya duka la dawa: "Mwanangu hakusomea meno miaka mitano aje kuoa binti wa mwokota vyuma." Nililia siku mbili. Mwanawe akanibembeleza, akaapa. "Mama nitamshinda. Ijumaa saa kumi na moja jioni tunakuja kwenu kuposa, mimi na mama na wajomba. Waambie wajiandae."

Tulijiandaa. Mama alipaka ukuta wa mbele chokaa mpya. Tuliazima viti kwa majirani mpaka uani hakukuwa na pa kukanyaga. Baba alinunua suti, ya kwanza maishani mwake, akaiweka kwenye kamba ipate hewa. Mchana ule akaenda kazini kama kawaida, akatembea njia yake, akaifungua, ndege ikaja ikaondoka, naye akarudi nyumbani mbiombio kuoga.

Saa kumi na moja hawakuja. Saa kumi na mbili hawakuja. Jua lilipozama alikuja Mama Mizani, na kabla hajafungua mdomo nilijua. Kijana alikuwa amepanda ndege ya mchana. Mzigo mmoja, kilo kumi na mbili.

Baba alikaa na suti yake, mikono magotini. Alisema sentensi moja tu: "Kumbe njia nilimfungulia mimi."

Hakuirudia tena mpaka alipofariki, mwaka wa pili. Sisemi alikufa kwa ajili hiyo. Alikufa kwa ini. Lakini suti ile hakuivaa tena, na tulipomzika nayo ilikuwa bado inanukia duka.

Basi, sasa mnanielewa.

Saa saba na nusu nilikuwa ofisini kwangu handakini, nimekaa kwenye benchi nafunga kamba za viatu. Mkia wa kombora nilikuwa nimeutoa mkobani na kuuweka mezani, kando ya bendera nyekundu, nikiupangusa vumbi la kabati ili usionekane umekaa ndani ya nyumba. Nikasikia mlango wa chuma unagongwa.

"Hodi."

Sauti ile. Nilikaza fundo la kamba ya kiatu.

"Abiria hawaruhusiwi huku," nilisema bila kugeuka.

"Sumaku."

"Mkaguzi. Hapa naitwa mkaguzi."

"Nitazame basi, hata mara moja."

Nilimtazama. Nilitaka nimkute amezeeka, ana upara, ana jino la mbele limeng'oka. Wapi! Alikuwa amenenepa kidogo na ilimpendeza, Mungu anisamehe. Macho yalikuwa yaleyale, yanayokuangalia utadhani wewe ndiye wa kwanza kuumbwa. Moyo wangu ulipiga kwa namna ambayo niliona aibu mbele ya nafsi yangu.

"Hongera ya harusi, Daktari," nilisema. "Ndege ni saa tisa. Kakae na mama."

"Nimemwambia naenda chooni."

"Na choo si hiki."

Alitabasamu kidogo, kisha macho yake yakaanguka mezani. Alisogea, akauangalia ule mkia, akaiangalia bendera, akaangalia mkoba uliokuwa wazi. Mimi ndiye niliyemfundisha mambo ya uwanja ule, hatua kwa hatua, zamani nilipokuwa natembea naye na kuringa.

"Hiki ni cha baba yako," alisema. "Kilikuwa kwenye kabati."

"Na bado ni cha baba yangu."

"Ukikuta kitu kama hiki njiani hukileti ofisini. Unakiacha palepale unaita watu. Uliniambia wewe." Akaninyooshea kidole, lakini taratibu, kama mtu anayehesabu. "Hiki hakikutoka njiani. Hiki kinakwenda njiani."

Nilisimama. Sasa yamefichuka, nikasema moyoni, na yafichuke.

"Ndiyo," nilimjibu. "Kinakwenda. Nitaifunga njia, na hakuna mtu atakayeifungua mpaka kesho mchana. Nataka wakae, Daktari. Watu mia tatu. Nataka wale waliovaa suti mpya wakae watazame mlango mpaka giza liingie. Nenda kanishtaki. Meneja yuko mlango wa pili kulia."

Nilingoja apige kelele. Nilikuwa na majibu ya kila aina ya kelele, niliyaandaa miaka sita. Badala yake alikaa kwenye benchi langu, akajifunika uso kwa mikono, na nikasikia anacheka. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa.

"Funga," alisema.

"Unasemaje?"

"Funga, Sumaku. Tafadhali. Nilikuwa nakuja kukuomba hilohilo, sikujua nianzie wapi."

Sijui kama mmewahi kumpiga mtu teke mkakuta hayupo pale, mguu ukaenda peke yake. Nilishika meza.

"Simpendi yule binti," aliendelea, maneno yanamtoka kwa haraka. "Ni mtu mzuri, hana kosa, lakini simpendi. Ni baba yake alinipa kazi, mambo yakaenda yenyewe, mara pete, mara kadi, mara ukumbi. Kila siku nasema leo nitamwambia, sisemi. Jana usiku nimelala kwetu, nimesikia mvua, nikasema Mungu mwenyewe ananisaidia. Ukifunga njia, harusi inavunjika yenyewe. Hakuna atakayenilaumu. Ni vyuma tu vya vita. Halafu mambo yakitulia, nitakuja kwenu. Safari hii kweli."

Alinishika mkono. Na mimi, mjinga, sikuutoa. Vidole vyake vilikuwa vya moto, na mle handakini mlikuwa na harufu ileile ya zege bichi, na nikamwona yule msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyelowa, bado amekaa kwenye lile benchi anangoja. Ningeweza kupata vyote viwili. Kisasi na mwanamume. Kazi ilikuwa ya hatua mia tano tu.

"Yakitulia," nilirudia.

"Yakitulia, ndiyo. Miezi michache."

"Yule binti anajua kwamba humtaki?"

"Hajui."

"Mama yako?"

"Mama! Ataniua."

"Na siku ile yetu," nilisema, "ulimwambia nani?"

Aliinama. "Sikuweza, Sumaku. Nilishindwa. Nilifika hapa, nikaona ndege imesimama, nikapanda."

"Kwa hiyo ndege ndiyo iliyotuambia."

Alikuna sakafu kwa ncha ya kiatu.

"Na leo unataka mimi ndiye nimwambie yule binti. Mimi na bendera yangu." Nilitoa mkono wangu mkononi mwake. "Ana baba?"

"Si nimekwambia, mwenye hospitali."

"Kesho atavaa suti?"

Uso wake ulibadilika. Alinielewa, hilo namsifu, alinielewa mara moja. Nilichukua ule mkia wa kombora, nikaurudisha kabatini, nikafunga kwa ufunguo, na ufunguo nikautia mfuko wa shati.

"Miaka sita nimekutafutia adhabu, Daktari," nilimwambia. "Nimekutafutia usiku, nimekutafutia nikipika, nikifua, nikitembea njia hii kwenda na kurudi. Kumbe adhabu yenyewe umekuja kuniomba nikufungie kama zawadi. Nenda kakae na mama yako. Mimi nina kazi."

"Sumaku, nakuomba—"

"Toka ofisini kwangu."

Nilitembea njia. Gari la sumaku lilinitangulia likivuta chuma chake, na mimi nyuma, macho chini, polepole kuliko siku zote. Niliokota maganda mawili ya risasi na kipande cha bati cha ukubwa wa kucha. Karibu na mwisho niliona kitu cheusi cha duara kimejitokeza kwenye ufa, moyo ukasimama. Nilipiga magoti. Nilikuwa naomba, na nilishangaa kusikia naomba nini. Naomba kisiwe bomu. Kilikuwa kifuniko cha kopo la rangi. Nilikaa palepale chini nikavuta pumzi, kisha nikachukua redio.

"Mnara, mkaguzi hapa."

"Nakusikia, mwanangu." Mwongoza ndege wetu ni rafiki wa marehemu baba, mimi humwita baba mdogo. Miaka sita iliyopita na yeye alikuwa kwenye kiti kimoja pale uani kwetu.

"Njia ni safi. Fungua."

Redio ilikwaruza.

"Mvua ya jana ilikuwa kubwa sana," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetazama pembeni. "Ungesema umeona kitu, mimi nisingeuliza kitu gani."

Machozi yalinitoka pale. Kumbe sikuwa peke yangu na hasira hii.

"Njia ni safi, baba mdogo."

"Haya, mwanangu. Njia wazi."

Ndege ilipotua niliingia ukumbi wa abiria. Sikuwa nimemaliza naye. Kama kuna mtu alidhani nimesamehe, alidhani vibaya.

Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, sanduku la kofia mapajani. Mwanawe alikuwa kando yake, rangi imemtoka. Nilisimama mbele yao na viatu vyangu vya matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama toka chini hadi juu. "Kumbe bado uko hapa."

"Nipo, mama. Bado naokota vyuma."

Alikohoa kidogo. "Tumesikia ndege imetua. Hakuna shida ya mvua?"

"Hakuna shida yoyote. Isipokuwa mwanao amekuja ofisini kwangu, ameniomba niifunge njia ili harusi ivunjike. Nimekataa. Nimeona ni vizuri wewe ujue."

Ukumbi wetu una viti hamsini, na ukisema neno mlangoni linasikika chooni. Mama Mizani aliacha begi la mtu likining'inia mkononi.

"Muongo!" Mama yule alisimama, sanduku akalishika kwa mikono miwili. "Miaka yote hii bado una kinyongo na mwanangu! Wewe uliyemkataa!"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Niliyemkataa?"

"Sasa nani? Siku ya posa mimi nilikuwa nimeshavaa! Nilisema maneno mabaya juu yako, ndiyo, nilisema, hata nikayajutia. Lakini mwanangu alilia, nikameza, nikasema basi, kama ndiye anayempenda, twende. Wajomba zake wako sebuleni wanangoja. Mara simu kutoka huku uwanjani: mama, msiende, yule msichana ametuma ujumbe, hanitaki, naondoka. Nikavua nguo zangu. Nikakuchukia mpaka leo."

Mimi nilikuwa namtazama mama yule, na yeye alikuwa ananitazama mimi, na nadhani tuliona kwa wakati mmoja. Miaka sita tulikuwa tumechukiana kwa bidii, kila mmoja upande wake, kwa ajili ya uongo wa dakika mbili. Kisha tukageuka, sote wawili, tukamwangalia yeye.

"Mama," alianza.

"Alituma ujumbe?"

"Mama, ilikuwa zamani…"

"Nimekuuliza. Alituma ujumbe?"

"Hapana."

"Na leo ulimwomba huyu binti nini?"

Alinitupia jicho. Lile jicho nalijua, la kuomba nimwokoe. "Nilikuwa namuuliza tu kama kuna hatari," alisema.

Nisamehe, msomaji, hapo ndipo kitu kilipokatika. Nilikuwa bado nimembakizia chembe moja ya moyo, nimeificha hata mimi mwenyewe nisiione, na aliiponda kwa sentensi hiyo.

"Mlango wa kwendea ndege ni ule," nilimwambia. "Na wa kutokea barabarani ni ule pale. Yote iko wazi. Leo hakuna chuma, hakuna mvua. Chagua, mama yako anaona, watu wanaona."

Alitazama mlango wa barabarani. Nasema kweli, aliutazama, na kwa muda wa pumzi moja nilidhani atatoka. Lakini alitazama tu, kisha akamgeukia mama yake kungoja aambiwe.

Yule mama alimpa mgongo. Alimkabidhi Mama Mizani lile sanduku la kofia. "Hili kaa nalo. Sitalihitaji." Kisha akanijia, akasimama karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya poda yake.

"Baba yako yuko wapi? Nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu."

"Alifariki, mama. Mwaka wa nne huu."

Alifumba macho. Mkono wake ulinitafuta, ukanishika kiganjani kwa nguvu. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba ningelia mikononi mwa mwanamke yule. Alipofumbua macho alikuwa tena mwalimu mkuu.

"Beba mkoba wangu," alimwambia mwanawe.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kwenye harusi yako. Utafika jijini leo, utaingia kwa yule mzee mwenye hospitali, utamkalisha yeye na binti yake, na utawaambia ukweli wote kwa mdomo wako. Huo wa leo na huo wa miaka sita iliyopita. Mimi nitakaa kiti cha mbele. Na neno utakaloruka, nitakukumbusha."

"Mama, nitapoteza kazi!"

"Utabaki na meno. Simama."

Mtu mmoja nyuma aliguna, mwingine akapiga kofi moja akajizuia. Yeye alisimama. Mwanamume mzima wa miaka thelathini na tatu alibeba mkoba wa mama yake, akamfuata mlangoni, na aliponipita alinong'ona, "Utaningoja?"

"Wahi ndege, Daktari."

Wafanyakazi wetu ni wachache, hivyo mkaguzi huyohuyo ndiye anayesimama mbele ya ndege na kumruhusu rubani asogee. Nilikwenda nikasimama mahali pangu kwenye saruji, masikio nimeyaziba. Mlango ulifungwa. Nilimwona dirishani, kiti cha pili, paji la uso limegusa kioo, ananitazama kwa yale macho yake. Nyuma yake kidole cha mama yake kilikuwa kinapanda na kushuka, amekwisha kuanza.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Njia ilikuwa tupu hadi mwisho. Nikainua mkono wangu juu kabisa.

Uso wake uliangaza mle dirishani. Alidhani namuaga yeye, maskini, akainua wake haraka akanipungia. Mkono wangu ulikuwa wa rubani. Nilikuwa namwambia amwondoe.